Fundi wa mashine za kahawa Moshi, na mashine ya Mama

Kama una mashine ya mkono ya kumenyea kahawa imelala stoo na unajiuliza kama inatengenezeka, inatengenezeka. Ya Mama niliipeleka Moshi mjini mwezi wa sita kwa mzee mmoja mwenye kibanda upande wa vyuma chakavu, na sasa inamenya.

Mama alifariki mwaka jana. Tulimzika kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, Marangu, pembeni ya Baba. Wasifu uliosomwa siku ile ulikuwa mfupi: kuzaliwa, kipaimara, darasa la nne, ndoa, watoto sita, kuugua. "Marehemu alikuwa mkulima." Niliuandika mimi, usiku wa kuamkia mazishi, na sentensi hiyo imenikaa kooni tangu siku ile.

Mashine yenyewe ni ya ngoma, chuma kizito, kuibeba ni watu wawili. Baba aliinunua ikiwa imeshatumika. Alikuwa dereva wa lori, wiki mbili tatu hayupo nyumbani. Kwenye daftari la chama cha msingi cha ushirika kahawa ilikuwa kwa jina lake, na hela ya kahawa ilikuwa yake, kama nyumba nyingi za uchagani. Ya Mama ilikuwa ya maziwa na ya ndizi. Lakini aliyechuma, akamenya, akaosha na kuanika alikuwa yeye. Kahawa iliyochumwa leo humenywa leo, kwa hiyo tulizungusha mpini jioni, kwa zamu, chemli imening'inia kwenye mti wa mparachichi.

Kabla ya kwenda kwa mzee huyu nilishapita kwa fundi mwingine. Aliniambia niuze kwa kilo. Sitamtaja.

Huyu mzee nilimsalimia shikamoo, akaitika, halafu hakuzungumzia bei kabisa. Alizungusha mpini polepole mara mbili, kichwa amekiinamisha, anasikiliza. Ndipo akaanza kufungua. Bati la shaba linaloizunguka ngoma lilikuwa limelika, vile vinundu vinavyokamata ganda vimelala. Bushi zimekwisha. Hayo niliyategemea. Alipotoa bamba la mbele akasimama. Kati ya bamba na fremu kulikuwa na vipande vya bati jembamba, vimekatwa kwa mkasi, kingo zimekunjwa. Vitatu kulia, viwili kushoto. Kimoja bado kilikuwa na herufi za Kimbo, mafuta ya kupikia ya kopo kutoka Kenya. Zile siku za uhaba, mwanzoni mwa miaka ya 80, makopo hayo yalivuka kwetu kutoka upande wa Taveta, na Mama hakuwahi kutupa hata moja.

"Nani alikuwa anaitengeneza hii?"

"Mama."

"Mama yako alikuwa fundi?"

"Alikuwa mkulima, baba."

Akaniita nisogee. Akanionyesha kwamba ekseli ilikuwa imelika upande mmoja, kwa hiyo pengo kati ya ngoma na bamba halikuwa sawa. Pengo likiwa pana, kahawa inapita na ganda lake. Likiwa jembamba, punje inachanika. "Angekaza skrubu tu, upande mmoja ungepona na mwingine ungekata punje. Huyu amepima kila upande peke yake. Alikuwa anazitazama kahawa zinavyotoka. Mwanangu, kuna watu wanalipwa kwa kazi hii na hawayajui haya."

Nilitoka nje kidogo, nikalia.

Kwa sababu nilimwona akifanya hivyo miaka yote na sikujua nilichokiona. Katikati ya kazi Mama alikuwa anasema, "Subirini." Anakinga kiganja chini ya mdomo wa mashine, anasogea kwenye chemli, anatandaza punje kwa kidole gumba, anazigeuza moja moja zikiwa bado na utelezi. Sisi tulishukuru tu kupumzisha mikono. Kumbe alikuwa anatafuta mikwaruzo, maana punje iliyojeruhiwa inaharibika kwenye kuvundika na kushusha daraja la kahawa yote. Bei ilipoanguka baada ya 1989, majirani wengi waliiacha mibuni iliwe na chulebuni, ugonjwa wa matunda ya kahawa, wakahamia nyanya. Yeye hakuiacha, na baadaye akaongeza miche chotara ya kituo cha utafiti wa kahawa cha Lyamungo.

Sasa huduma. Bati jipya la shaba 60,000, bushi mbili 20,000, ufundi 50,000. Jumla 130,000, na hakuongeza hata shilingi baada ya kufungua, ingawa kazi ilizidi aliyoikadiria. Aliahidi wiki moja, zikawa tatu, na muda wote huo nilikuwa napiga simu mimi. Hilo arekebishe, hasa msimu unapokaribia na watu wanamtegemea. Risiti hana, anaandika kwenye daftari, kwa hiyo piga picha ukurasa wako. Peleka mashine pamoja na kapu lake la juu la kumiminia kahawa, la sivyo atakurudisha. Usafiri ni juu yako. Kwa wenye kahawa nyingi walio karibu na mtambo wa kikundi, pengine ni nafuu kupeleka huko. Kwa miti mia mbili kama yetu, mashine nzima nyumbani inatosha.

Ekseli aliitengeneza, kwa hiyo vile vipande vya bati havihitajiki tena. Hakuvitupa. Alivifunga kwenye gazeti, vifurushi viwili, akaandika kwa chaki ya fundi: KULIA, KUSHOTO. Akanikabidhi mkononi kabla ya kupokea hela.

Mwezi wa tisa tulimenya mavuno ya kwanza bila Mama. Dada alikuwa kwenye mpini, mimi namimina. Baada ya debe la kwanza nilimwambia asubiri. Nikakinga kiganja, nikaenda chini ya balbu, nikatandaza. Punje tatu zilikuwa na mkwaruzo. Nikalegeza skrubu ya kushoto, robo mzunguko, tukaendelea.