Glavu za kumshikia paka: nyota 2, na moja ni ya siku ya chanjo tu

Hizi glavu za ngozi, zile ndefu zinazofika mpaka kwenye kiwiko, niliziagiza siku ya tatu tu baada ya kumchukua Moshi, mtoto wa paka. Kwenye picha ya tangazo kuna jamaa kambeba paka mkubwa, paka katulia kama mto wa kochi, jamaa anacheka, nikasema basi dawa ndo hii. Moshi alikuwa na kama wiki 8 hivi, daktari wa mifugo alikadiria kwa kuangalia meno, mama yake ni paka wa vichakani asiye na mwenyewe, kwa hiyo mkono wa binadamu alikuwa haujui kabisa. Nikiingia tu chumbani masikio yanalala, macho yanakuwa meusi yote, halafu khhhh! Kitu chenyewe hakijai hata kiganja, lakini kinanirudisha mlangoni mimi mtu mzima na kitambulisho changu.

Nisiwe mchoyo wa sifa, ngozi ni nene kweli na mshono uko vizuri, vile vijino vya maziwa havikupita hata kidogo na makucha yaliishia juu juu. Kama shida yako ni kuparurwa, hapo huparurwi.

Sasa shida ni kwamba ukishazivaa huhisi kitu. Hujui kama umemshika au umembana, na mtoto wa paka mbavu zake ni kama njiti za kiberiti. Halafu zinanuka! Ngozi mpya na gundi, na paka anakujua kwa pua kabla hajakujua kwa sura, sasa mimi nilikuwa nimekaa siku tatu nzima nahangaika azoee harufu yangu halafu namwendea na mikono inayonuka kiwanda. Nilimchomoa nyuma ya kabati nazo, akanikojolea mpaka zikalowa, akarudi kule kule na chakula hakugusa mpaka usiku. Baada ya hapo hata nikija mikono mitupu, akiona tu mkono umenyanyuka kashapotea. Ile mara moja ilinirudisha nyuma kama wiki.

Nikamuuliza daktari mbona karatasi ya maelezo inasema "humtuliza paka wa umri wowote ndani ya siku chache", akacheka sana. Akaniambia kipindi rahisi cha mtoto wa paka kuzoea watu ni kuanzia wiki ya 2 mpaka kama ya 7, akishapita hapo haimaanishi haiwezekani, ila unaenda kwa mwendo wake yeye na si wako. Na kwamba akifoka si ukorofi, ni woga, anakuomba umpe nafasi.

Kilichofanya kazi kwangu ni kijiko. Nasema kweli, kijiko cha mti chenye mpini mrefu na ile nyama laini ya kulamba ya paka inayouzwa kwenye vipakiti virefu. (Soma viungo kabla hujanunua, na usimpe nyama ya kusaga ya binadamu kama ina unga wa kitunguu maji au kitunguu saumu, hivyo ni sumu kwa paka.) Nilimhamishia chumba kidogo, nikamwekea boksi lenye tundu la kujifichia, nikawa nakaa chini sakafuni nimempa ubavu, simkodolei macho, akinitazama nafumba macho taratibu nafumbua. Kijiko nakisogeza mpaka mdomoni pake halafu natulia kama jiwe. Siku mbili za kwanza alilamba huku anafoka, yaani mdomo unalamba na koo linatukana. Kila siku nikawa nashika mpini karibu zaidi na kijiko, mpaka siku moja kijiko kimeisha kimebaki kidole.

Hapo ndo nikaanza kumgusa kwa mkono wa pili. Shavuni kwanza, sekunde moja, natoa. Chini ya kidevu, natoa. Mzizi wa sikio, natoa. Siri ni kuutoa mkono wakati bado anakula na hajakasirika, usisubiri mpaka akukimbie, maana ukisubiri anajifunza kwamba mkono unaondoka akitisha. Tumbo na miguu niliviacha mwisho kabisa. Na vidole usivifanye vya kuchezea hata akiwa mdogo na inachekesha, kwa kucheza nilitumia kijiti chenye unyoya ili meno yaende kule.

Ile nyota ya pili sasa. Siku ya chanjo ilifika kabla hajakubali kubebwa, na chanjo haisubiri mapenzi. Kikapu chake nilikuwa nimekiacha wazi chumbani na kitambaa chake ndani, lakini siku hiyo kakishtukia, kapanda pazia. Nikavaa glavu, nikamfunika taulo, nikamkunja humo kichwa kikiwa nje, dakika moja yuko ndani ya kikapu. Bila glavu ningeng'atwa, na meno ya paka yanatoboa shimo jembamba yanapeleka vijidudu chini kabisa, kwa hiyo ukiumwa osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na uende hospitali siku hiyo hiyo, hasa kama paka hana chanjo ya kichaa cha mbwa. Kwa dharura kama hii zinafaa, ziweke kabatini. Kwa kumzoesha zisahau.

Kama siku ya 19 hivi nilikuwa nimekaa nasoma ujumbe kwenye simu, nikahisi mguu mmoja pajani, ukaondoka, ukarudi, halafu yote minne. Sikupumua. Akajikunja, ule muungurumo ukaanza, simu ikazima chaji mkononi na sikuthubutu kunyanyuka.

Sasa ana miezi 6 na meno ya ukubwani yameota. Glavu ya kushoto kaichukua ndo mdoli wake, analala nayo, na kidole gumba chake kimeshatoboka, kwa hiyo na ile "haipitishi meno" ya kwenye boksi muifute.