Cape Epic na shemeji yangu: nilichopata kwa pesa niliyotoa

Nianze na pesa, maana ndiyo inayoulizwa kwanza kila nikikaa na waendesha baiskeli wenzangu hapa Arusha. Ada ya mashindano ya baiskeli ya Cape Epic hulipwa kwa timu ya watu wawili, na kwa shilingi zetu ni mamilioni ambayo yangekutoa dukani na zaidi ya bodaboda moja mpya. Hapo hujagusa tiketi ya ndege, hujalipia boksi la baiskeli, hujanunua tairi. Nafuu niliyoiona ni moja tu: Mtanzania anayekwenda Afrika Kusini kwa ziara fupi haombi viza. Kwa hiyo anayeuliza kama inafaa ana haki ya kuuliza. Jibu langu ni ndiyo, ila kilichonipa thamani ya pesa yangu si kile nilichokifuata.

Kwa asiyeyajua, haya ni mashindano ya baiskeli za milimani yaliyoanza 2004 katika jimbo la Western Cape, na kwa kawaida hufanyika mwezi Machi. Ni siku nane mfululizo. Siku ya kwanza ni mbio fupi ya utangulizi, timu zinaachiwa moja moja, na muda wenu ndio unaoamua mtapangwa kundi lipi la kuanza asubuhi inayofuata. Baada ya hapo kuna hatua saba, nyingi zikiwa za kutwa kwa watu wa aina yangu. Mwaka 2024, tulipokwenda sisi, tulianzia shamba la Lourensford karibu na Somerset West, tukapanda Tulbagh, tukahamia Wellington na kumalizia Stellenbosch. Jumla ilikuwa zaidi ya kilomita 600, na upandaji wa zaidi ya mita 16,000. Kilimanjaro yetu ina mita 5,895 kutoka usawa wa bahari. Piga hesabu mwenyewe.

Sifa ninayoipa mashindano haya bila kubania ni kwamba mtu wa ridhaa anapita njia ileile, siku ileile, na mabingwa wa dunia. Wanatangulia, bila shaka. Wanaoga na kula wakati wewe bado unatafuta kituo cha pili cha maji. Lakini jiwe lililonitoa kijasho asubuhi ndilo walilorukia wao. Mwaka wetu wanaume walioshinda walikuwa Matthew Beers wa Afrika Kusini na Mmarekani Howard Grotts. Mwaka mmoja kabla, upande wa wanawake ulichukuliwa na Kim Le Court wa Mauritius na Vera Looser wa Namibia, Waafrika wote wawili, na Le Court huyohuyo akaja kushinda Liège–Bastogne–Liège, mbio kubwa ya Ubelgiji, mwaka 2025 kwenye baiskeli za barabarani. Ukipenda baiskeli na umezaliwa upande huu wa dunia, kupita njia hizo kuna utamu wake.

Sasa huduma yenyewe. Unachonunua hasa ni kambi. Unakabidhiwa begi moja kubwa lenye namba yako, na kisichoingia humo hakisafiri. Siku ya kuhama unalifunga asubuhi, unaliacha, na mchana unalikuta kambi mpya. Unalala kwenye hema dogo la peke yako, safu kwa safu za mahema yaliyofanana, na usiku ukirudi kutoka chooni unatembea na tochi ukisoma namba. Ukivuka mstari wa mwisho, baiskeli inaoshwa na kulazwa kwenye uwanja wenye walinzi. Kazi yako inabaki kuoga, kula na kujinyoosha. Mimi niliyezoea kuosha baiskeli kwa ndoo na mswaki wa zamani nje ya jiko la mama watoto, siku ya kwanza nilisimama pale nisijue mikono niiweke wapi.

Fundi na masaji ni malipo ya ziada. Kama mfuko unaruhusu kimoja tu, lipia fundi. Miguu itauma hata ikikandwa, lakini kuanza siku na breki isiyoshika kwenye miteremko ile ni kutafuta kulazwa. Wapo pia wanaokodi magari ya kulala na kuepukana na mahema kabisa. Tuliwaangalia, tukameza mate, tukaenda zetu.

Mahema hayana siri. Jirani wa kushoto alikoroma, wa kulia aliongea na mkewe kwa Kijerumani hadi usiku, na kabla ya alfajiri zipu zilianza kulia kambi nzima. Vizibo vya masikio ni vya bei ndogo na vina kazi kubwa kuliko vitu vingi vya gharama nilivyobeba.

Chakula ni kingi na kinafika kwa wakati: tambi, nyama, mboga, viazi, mayai asubuhi. Shida ni tumbo lako. Ikifika katikati ya wiki, tumbo linakataa vitu ambavyo akili inajua linavihitaji. Hapo ndipo unga wa ulezi tuliotoka nao nyumbani ulipotuokoa. Shemeji alikuwa anaomba maji ya moto kwenye meza ya chai, anakoroga uji kwenye chupa ya chai, anatia sukari na chumvi kidogo, tunakunywa tukiwa tumekaa juu ya mabegi. Msimamizi mmoja wa meza alikuja kuonja, akasema kwao bibi yake anapika kitu kama hicho. Njiani vituo vya maji vina viazi vidogo vya kuchemsha vyenye chumvi, ndizi, soda, na vijana wanaoipaka cheni yako mafuta wewe ukiwa unatafuna. Viazi vile vina heshima yangu yote.

Nimemtaja shemeji. Ni mume wa dada yangu mkubwa, amenizidi zaidi ya miaka kumi, na kwa mila zetu si mtu wa kumfokea. Hilo lina uzito, kwa sababu sheria kuu ya Cape Epic ni kwamba wawili mnatakiwa kuwa pamoja muda wote, na tofauti yenu kwenye vituo vya ukaguzi na kwenye mstari wa mwisho haitakiwi kuzidi dakika mbili. Mkizidisha, mnaongezewa adhabu ya saa nzima. Mmoja akishindwa kabisa, aliyebaki anaweza kuendelea, lakini timu ndiyo imekwisha.

Dakika mbili zinaonekana nyingi ukiwa umekaa kwenye kiti. Kwenye kilima kirefu cha changarawe, ukiwa na nguvu na mwenzako hana, ni muda mfupi mno. Mimi napanda vizuri. Nimekulia miinuko ya Ngaramtoni, na mazoezi yetu ni kuzunguka chini ya Meru kwenye vumbi linaloingia hadi kwenye meno. Shemeji anapanda polepole, lakini mteremko ukianza anashuka kama mtu anayedaiwa. Kwa hiyo mimi nilimsubiri juu, yeye akanisubiri chini, na kila mmoja alipoa jasho mahali pake akimhesabia mwenzake. Siku za mwanzo tulikuwa tunaambiana kwa adabu.

“Shem, punguza kidogo.”

“Haya shem, samahani.”

Joto la Tulbagh likaja kumaliza adabu. Bonde lile limezungukwa na milima pande tatu, na upepo ukikata hewa inakaa palepale. Kwenye kilima kimoja kisicho na kivuli nilimwona amenyamaza kabisa, mdomo wazi, kofia imeandika mistari ya chumvi. Nikamwambia akae nyuma yangu. Akasema yuko sawa. Nikarudia, safari hii bila “shem” mbele yake. Aliniangalia kidogo, akanyamaza, akaja nyuma. Hatukuongea mpaka kituo cha maji, na pale alinijazia chupa yangu kabla ya kujaza yake. Tangu hapo tulikubaliana jambo moja lililotubeba mpaka Stellenbosch: kasi inaamuliwa na aliyechoka, na hajibiwi. Ukisikia “polepole” unapunguza, huulizi kwa nini.

Hiki ndicho kitu ambacho hakimo kwenye maelezo ya huduma, na ndicho nilichokuja kukithamini kuliko milima na kuliko kuwaona mabingwa. Nimekaa na shemeji kwenye harusi, misiba na sikukuu kwa miaka, na nilidhani namjua. Sikujua kwamba akiwa na maumivu huimba pambio za kwaya yao kwa sauti ya chini. Sikujua pia kwamba mimi nikiwa na njaa nakuwa mtu wa hovyo. Hilo alinieleza yeye, kwa upole, akinipa kipande cha keki ya ndizi bila kunitazama usoni. Dada alikuwa anapiga simu kila jioni, na swali lake halikuwa nafasi tuliyoshika. “Mrudishe mume wangu mzima,” basi.

Kuna siku tairi la nyuma la shemeji lilichanwa na jiwe kwenye njia nyembamba. Tairi zetu hazina tyubu. Ndani kuna ute mweupe unaotakiwa kuziba tobo wenyewe, lakini mchaniko ulikuwa mrefu na ute ukawa unaruka kwa mstari kila gurudumu likizunguka, unatutia madoa miguuni. Alipiga magoti, akaingiza kipande cha utepe wa mpira kwa sindano nene, kikatoka. Akaingiza viwili kwa pamoja, vikashika. Vidole vilikuwa vinamtetemeka kiasi kwamba kichupa cha gesi ya kujazia tairi kilimponyoka na kubingirika kwenye fynbos, vile vichaka vya asili vya Cape, nami nikaingia humo kwa mikono na magoti kukitafuta, harufu yake kali ya majani imenijaa puani. Tairi lile lilifika mwisho wa hatua likiwa na utepe umechungulia nje. Fundi wa kambini alilitazama akacheka, akatuambia tubadilishe.

Kwa hiyo kuhusu vifaa: usibane pesa kwenye tairi. Chagua yenye kuta nene, hata kama ni nzito. Baiskeli ya shokapu mbele na nyuma si anasa pale, ni kinga ya mgongo na makalio. Makalio, kwa kweli, ndiyo yanayowatoa watu wengi kuliko miguu. Nunua kaptula nzuri za kutosha ili usivae yenye unyevu, paka mafuta mazito kila asubuhi bila aibu, na kidonda kikianza nenda kwenye hema la matibabu siku hiyohiyo. Niliona wanaume wenye mapaja ya kutisha wakikaa chakula cha jioni upande mmoja mmoja.

Usafiri wa ndege una karaha zake. Shirika tulilopanda, ambalo silitaji, lilichelewesha boksi langu, na lilipofika, kile kipande kinachoshika gia ya nyuma kilikuwa kimepinda. Nilikuwa na cha akiba, cha bei ya mlo mmoja mjini, ambacho kila baiskeli ina cha aina yake na madukani kukipata ni bahati. Beba viwili. Na fika siku kadhaa kabla.

Kuna suala la mwinuko. Sisi wa Arusha tunaishi juu kuliko wanakopita, na pumzi ilitusaidia, sikatai. Lakini joto na ufundi wa njia ni mambo mengine. Njia nyembamba za Stellenbosch zimechongwa na watu wanaozijali: kona zimeinuliwa, mawe yamepangwa, unashuka unacheka. Huku kwetu tumezoea njia za ng’ombe. Ukipata nafasi ya kufanya mazoezi kwenye njia za aina hiyo kabla, fanya.

Nani asiende? Anayetaka likizo. Anayetafuta mwenza wiki chache kabla ya mashindano kwa sababu tu ameshapata nafasi ya kushiriki. Na anayelipa kwa mkopo. Hiyo wiki si ya kulala ukiwaza marejesho. Kwa wanaotaka ladha yake karibu na nyumbani kwa gharama nafuu, Rwanda kuna Rwandan Epic, ya siku kadhaa vilevile. Kenya nako kuna Migration Gravel Race ya siku nne huko Maasai Mara, ingawa ile ni ya baiskeli za barabara za changarawe, si za milimani, na mazingira yake ni mengine kabisa.

Shemeji ameshaanza kuulizia nauli ya Kigali. Mimi naulizia tairi.