Tathmini ya kliniki moja ya mapafu Lubumbashi: uvimbe wa neuroendokrini

Kliniki ya magonjwa ya kifua ninayoitathmini imo ndani ya hospitali moja ya hapa Lubumbashi. Nimeifahamu kwa kumsindikiza mama yangu mdogo, ambaye alitibiwa pumu kwa muda mrefu, kisha kifua kikuu, kabla ya kujulikana kwamba njia ya hewa ya pafu lake la kulia ilikuwa imezibwa na uvimbe wa neuroendokrini, yaani unaotokana na seli zinazofanana na za neva na za kutoa homoni. Naipa alama za juu kwa sababu moja kubwa: ilikataa kuanza tiba ya kansa kabla ya kujua ni kansa ya aina gani.

Katika mji wa migodi kama wetu, mtu anayekohoa damu hufikiriwa mara moja kuwa na TB, na si vibaya kuanzia hapo mradi makohozi yapimwe. Kituo kilichomtibu mwanzo hakikuyapima. Kliniki hii iliyapima kwa GeneXpert, mashine inayotafuta vijidudu vya TB, na havikuonekana, ndipo daktari akamwuliza, «Mama, nimonia hii hukurudia upande uleule?» Akajibu kwamba ni uleule daima. Nimonia inayorudi mahali pamoja, au mlio kama wa pumu unaosikika upande mmoja tu wa kifua, hudokeza kwamba kuna kitu kimeziba njia, na kitu hicho kinaweza kujificha kwenye radio ya kawaida, yaani picha ya eksirei. Kwake kilionekana kwenye skana (CT).

Baadaye waliingiza kamera katika njia za hewa na kuchukua kipande kidogo, wakiwa wamejiandaa kuzuia damu, kwa kuwa uvimbe huu huwa na mishipa mingi. Hapo ndipo kazi yao iliponivutia zaidi. Jina neuroendokrini linakusanya magonjwa manne ya mapafu yasiyofanana hata kidogo kwa ukali: kasinoidi ya kawaida, kasinoidi isiyo ya kawaida, kansa ya seli kubwa na kansa ya seli ndogo. Mwanapatholojia, yaani daktari anayechunguza vipande vya mwili kwa hadubini, huyatenganisha kwa sura ya seli, kwa kutafuta sehemu zilizokufa, na kwa kuhesabu seli zinazogawanyika katika milimita 2 za mraba. Zikiwa chini ya 2, bila sehemu iliyokufa, ni kasinoidi ya kawaida. Zikiwa kati ya 2 na 10, au kukiwa na sehemu iliyokufa, ni ile isiyo ya kawaida. Zikizidi 10, tumo katika kansa kali za seli kubwa au ndogo. Kipande kidogo kilichominywa na koleo la kamera kinaweza kuifanya kasinoidi ifanane na kansa ya seli ndogo, na kosa hilo ni zito, kwa sababu kasinoidi iliyo mahali pamoja huondolewa kwa upasuaji, ilhali kansa ya seli ndogo kwa kawaida hutibiwa kwa dawa za mshipani, yaani sisplatini au kaboplatini pamoja na etoposidi, na mara nyingi mionzi.

Jibu la kwanza la labo lilisema «kansa ya seli ndogo, huenda». Daktari hakuridhika na hilo «huenda». Alipeleka kipande kilichohifadhiwa kwenye nta Afrika Kusini kwa vipimo vya kromogranini A na sinaptofisini, vinavyotambulisha seli za neuroendokrini, na Ki-67, kinachoonyesha kasi ya seli kugawanyika, akatueleza kwamba Ki-67 huwa juu sana katika kansa ya seli ndogo na chini katika kasinoidi. Ilirudi chini. Alisema pia, bila kutuficha, kwamba jina kamili la kasinoidi hupatikana baada ya uvimbe wote kutolewa na kuchunguzwa. Familia nyingi zingependa jibu la haraka, nasi tulilitaka, lakini nashukuru kwamba alistahimili maswali yetu.

Upasuaji ulifanyika nje ya nchi: sehemu ya pafu iliondolewa pamoja na tezi za limfu zilizo karibu, na ikathibitika kuwa kasinoidi ya kawaida. Wagonjwa wengi wa aina hii huwa hai miaka 5 baadaye, takriban 9 kati ya 10. Kwa wale ambao uvimbe umesambaa, zipo sindano za oktreotidi au lanreotidi, na vidonge vya everolimasi, ambavyo Marekani iliviidhinisha kwa uvimbe huu mwaka 2016. Kliniki haikumwandikia lolote kati ya hayo, na ilifanya vyema, kwa maana hakuwa na mabaki ya ugonjwa.

Ninayo malalamiko mawili. Bei haikuelezwa kwa ujumla; kila hatua ilikuwa na malipo yake ya dola kwenye dirisha la malipo, na mgonjwa asiye na ndugu wa kumchangia angekwama katikati. La pili linanisumbua zaidi: ratiba ya ufuatiliaji iliandikwa kwenye karatasi moja tu, wala hakuna anayempigia mgonjwa simu tarehe ikifika. Kasinoidi inaweza kurudi hata baada ya miaka 10, kwa hiyo skana za baadaye ni sehemu ya tiba yenyewe. Anayekwenda kliniki hiyo aombe nakala ya jibu la patholojia lenye hesabu ya seli na Ki-67, aulize mahali kipande cha nta kinapohifadhiwa, na asiondoke kabla tarehe ya skana inayofuata haijaandikwa katika daftari la kliniki pia.