Afisa wa kazi na Mahakama ya Viwanda Uganda: huduma ya bure inayotaka makaratasi

Mfanyakazi aliyefukuzwa kazi Uganda hahitaji kuanzia kwa wakili. Mlango wa kwanza ni afisa wa kazi wa wilaya. Kampala, ofisi hiyo iko chini ya KCCA, mamlaka ya jiji. Kupeleka malalamiko hakulipiwi. Kwa mlinzi, dereva au kibarua wa kiwandani Namanve, eneo la viwanda karibu na Kampala, hakuna njia nafuu zaidi ya kudai haki, na tunaipendekeza bila kusita. Lakini anayekwenda mikono mitupu atazungushwa mpaka achoke.

Muda ndio unaoua kesi nyingi. Malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo haki yanatakiwa yafike kwa afisa ndani ya miezi 3. Afisa anaweza kumpokea aliyechelewa akiona ni haki kufanya hivyo, ila huruma hiyo si ya kutegemea. Andika malalamiko kwa nakala mbili: tarehe ya kuanza kazi, mshahara, tarehe ya kufukuzwa, sababu uliyopewa, na unachodai kwa shilingi. Ambatisha barua ya ajira au, kama hukupewa, karatasi za mshahara, kitambulisho cha kazi na taarifa ya michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Nakala moja igongwe muhuri wenye tarehe, uondoke nayo. Muhuri huo ndio unaoanza kuhesabu siku: zikipita 90 bila uamuzi, sheria inakuruhusu kwenda mahakamani. Bila muhuri huna pa kuanzia kuhesabu.

Hoja yenye nguvu kuliko zote mara nyingi husahaulika. Kabla ya kumfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu au utendaji mbovu, mwajiri lazima amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, amruhusu kuja na mtu wa kumsindikiza, na amsikilize. Askari wa ulinzi anayezungumza Kiswahili tu, akapewa barua ya Kiingereza getini na kuambiwa avue sare, hakusikilizwa. Kwa kosa hilo pekee sheria inampa malipo ya wiki 4, hata kama sababu ya kumfukuza ilikuwa ya kweli. Notisi ni dai jingine: mwezi 1 kwa aliyefanya kazi kati ya mwaka 1 na 5, miezi 2 hadi mwaka wa 10, miezi 3 kuanzia hapo. Na usisaini karatasi ya kukiri kwamba umelipwa kila kitu kwa sababu tu umeahidiwa nauli.

Udhaifu mkubwa wa ofisi hizi ni nguvu ya kutekeleza. Afisa akitoa amri na mwajiri akaipuuza, mfanyakazi analazimika kwenda mahakamani ili itekelezwe. Rufaa nazo huenda Mahakama ya Viwanda, mahakama ya migogoro ya kazi, ambapo jaji huketi na wajumbe wa upande wa waajiri, wa wafanyakazi na mmoja huru. Ni mpangilio mzuri, kwa kuwa mjumbe anayejua kazi za zamu huelewa mambo ambayo karatasi haisemi. Tatizo ni msongamano. Mahakama hiyo iliwekwa katika sheria ya 2006 lakini ikaanza kufanya kazi kwa kweli 2014, ikakuta mlima wa mashauri unaisubiri.

Kwa madai ya kundi, pitieni chama cha wafanyakazi kinachotambuliwa na mwajiri. Haki hii haikuja kirahisi. Sheria ya vyama vya wafanyakazi ya 1976 ilitaka chama kiwe na wanachama 1,000, na kiwe kimeandikisha 51% ya wafanyakazi wa mahali husika kabla ya mwajiri kukitambua. Kiwanda kidogo hakikuweza hata kujaribu. Katiba ya 1995, ibara ya 40, ikaweka wazi haki ya kujiunga, kujadiliana na kugoma kwa kufuata sheria, na 2006 vizingiti vile vikaondolewa. Mgogoro wa pamoja ukiripotiwa na usipelekwe Mahakama ya Viwanda ndani ya wiki 8, upande wowote unaweza kuupeleka wenyewe. Chama kinachokaa kimya baada ya wiki hizo kinawaangusha wanachama wake.

Angalieni pia fomu za malalamiko mnazouziwa kwenye vibanda vya fotokopi. Toleo jipya la sheria za Uganda, la 2023, limebadilisha namba za vifungu, na fomu hizo zinaweza kuwa bado na namba za zamani.