Soketi ya Plagi Yenye Kiungo cha Kupinda: Tathmini kwa Wenye Harrier za Silinda Sita

Mwenye Toyota Harrier ya lita 3.0 yenye injini ya 1MZ-FE anafahamu kwamba plagi (vifaa vinavyotoa cheche ndani ya injini) tatu za mbele, yaani za silinda ya 2, ya 4 na ya 6, hufunguliwa bila taabu na yeyote mwenye racheti (mpini wa kuzungushia soketi), ilhali zile za silinda ya 1, ya 3 na ya 5 zimejificha nyuma, kati ya injini na ukuta unaoitenganisha na chumba cha abiria, na manifoldi ya kuingizia hewa imezifunika kwa juu. Kwa ajili ya hizo tatu za nyuma nilinunua, katika duka moja la vifaa vya gereji huku Nyakato, Mwanza, soketi ya plagi ambayo kiungo chake cha kupinda kimeunganishwa nayo moja kwa moja. Nimeitumia kwenye gari langu nyumbani, kisha kwenye gari la shemeji yangu anayeishi Nyegezi, na ninaona inastahili kuelezwa kwa kirefu.

Ndani ya boksi mna soketi ya milimita 16 yenye sumaku, pamoja na vyuma vitatu vya kurefushia vya sentimita 7.5, 15 na 25. Nililipa shilingi 55,000. Racheti ya inchi 3/8 inauzwa peke yake. Muuzaji alinikubalia niijaribu kwa plagi kuukuu niliyokwenda nayo kabla sijatoa fedha, jambo ambalo maduka mengi ya spea mjini hayalikubali.

Ubora wake mkubwa uko kwenye ufupi. Ukiunga soketi ndefu ya kawaida na kiungo kilichonunuliwa peke yake, urefu unaongezeka, na nyuma ya injini hii sentimita mbili tu zinatosha kukuzuia kuingiza chuma chote kwenye shimo la plagi. Tena viungo vya kuchomeka huachana: unavuta racheti, soketi inabaki chini imeng'ang'ania plagi, na hapo mkono hauifikii. Hii haiwezi kuachana. Sumaku nayo imenipendeza kuliko ule mpira ulio ndani ya soketi nyingi za plagi, kwa sababu mpira ukishalowa oili na kuchakaa, ama unaiachia plagi ikiwa njiani au unakataa kuitoa. Plagi ya iridiamu ikianguka sakafuni inaweza kupasuka kauri yake au kuziba nafasi ya cheche, na ukizingatia bei yake hilo si jambo dogo.

Kasoro niliyoiona ni kwamba kiungo ni chepesi mno, hivyo soketi inalala upande kabla haijafika kwenye mdomo wa shimo. Nilikizungushia selotepu nyeusi ya umeme mara chache, kikawa kinakaa wima na bado kinapinda kikisukumwa. Mtengenezaji angeweza kuweka springi ndogo ndani yake na kutuondolea usumbufu huo.

Kazi yenyewe inataka injini iliyopoa kabisa, maana silinda hedi ni ya alumini na nyuzi zake za kushikia plagi huharibika kwa urahisi zikiwa za moto. Klipu za koili (kifaa kinachoipa plagi umeme) huwa zimekauka kwa joto la miaka mingi, kwa hiyo zibonyezwe taratibu, kisha koili ifunguliwe bolti yake ya milimita 10 na kuvutwa. Kabla ya kulegeza plagi, shimo lipulizwe kwa hewa. Sisi tunaopanda kila siku barabara za vumbi za milimani hapa Mwanza tusiruke hatua hiyo, kwani mchanga uliokaa pembeni ya plagi huangukia ndani ya silinda mara plagi inapotoka. Fundi wa pancha mwenye kompresa atakupulizia kwa fedha kidogo.

Wakati wa kurudisha, plagi mpya isianzwe kwa racheti. Ichomekwe kwenye kipande cha mpira wa petroli na kuzungushwa kwa vidole: ikiingia mshazari, mpira utateleza kabla nyuzi hazijaumia. Soketi hii inaingia baada ya hapo. Kipimo cha kukaza ni Nm (nyutoni mita) 18, lakini spana ya kupimia haisomi sawasawa pale kiungo kinapopinda sana. Kwa plagi hizo za nyuma mimi hufuata maelekezo ya NGK, watengenezaji wa plagi, kwa plagi mpya za nyuzi za milimita 14 zenye washa (pete ya chuma ya kuzibia), kwamba zikishakaa kwa vidole ziongezwe nusu hadi theluthi mbili ya mzunguko. NGK hao hao wanashauri kutopaka grisi kwenye nyuzi. Plagi nilizofunga ni Denso SK20R11, ambazo hutoka kiwandani na nafasi ya cheche ya milimita 1.1, na ncha yake nyembamba isikorogwe kwa kipimo chochote.

Kwenye gari la shemeji tulikuta jambo lililonikera sana. Gereji moja ilikuwa imemtoza fedha za plagi sita; tatu za mbele zilikuwa mpya, na tatu za nyuma zilikuwa chakavu, ncha zimelika na kutu imeshika kichwani. Gari lilikuwa likikosa moto kila linapopanda mlima, na yeye akiambiwa tatizo ni petroli. Baada ya kubadilisha hizo tatu limetulia. Anayepeleka Harrier ya silinda sita kwa fundi na aombe kurudishiwa plagi zote sita za zamani, azihesabu mbele ya fundi huyo.

Harrier ya lita 2.4 yenye injini ya 2AZ-FE haihitaji kifaa hiki, kwa kuwa plagi zake nne zimesimama juu ya injini na soketi ya kawaida inazifikia. Kwa 1MZ-FE, ninakipendekeza bila kusita, hasa kwa kuwa kinakuepusha kufungua manifoldi na kununua gasketi mpya. Duka hilo huuza pia kiungo peke yake kwa bei ya chini. Kwa injini hii usikichukue, chukua kilichoshikamana na soketi.