Kuondoa Ndevu kwa Uzi Kibokoni Baada ya Dawa za Homoni

Ndevu zilianza kuniota katika mwezi wa tatu wa kutumia danazoli, dawa niliyoandikiwa kwa ajili ya maumivu ya endometriosi, ugonjwa ambao tishu zinazofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi huota nje yake. Dawa hiyo ina tabia za homoni za kiume, na ndiyo sababu nywele za malaika zilizo kidevuni, ambazo mwanamke huishi nazo miaka yote bila kuziona, zinaweza kugeuka kuwa nene na nyeusi. Kwa wiki kadhaa nilijifunika kidevu kwa ncha ya mtandio, hata ndani ya matatu, katika joto la mchana.

Wifi yangu ndiye aliyenielekeza kwenye saluni hii ya wanawake pekee, iliyo katika kichochoro cha Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa. Kabla ya kushika uzi, fundi aliniketisha akaniuliza, "Dada yangu, kuna dawa watumia? Na sauti yako ni ile ile?" Nilipomweleza kwamba sauti imeanza kuwa nzito, alinihimiza nirudi kwa daktari wiki hiyo hiyo, kwa kuwa sauti iliyobadilishwa na dawa ya aina hii huenda isirudi kamwe, hata dawa ikiachwa. Daktari aliisimamisha na kunibadilishia tiba. Swali lile ndilo linalonifanya niipe saluni hii sifa kubwa kuliko kazi yenyewe, ingawa kazi yenyewe ni nzuri sana.

Hupaka poda, kisha hung'oa nywele kwa uzi wa pamba, kidevu na juu ya mdomo, kwa takriban dakika 15 na kwa shilingi 400. Juu ya mdomo panauma kwelikweli. Baadaye hupakwa mshubiri uliokatwa papo hapo, na ngozi yangu hubaki safi kwa karibu wiki tatu. Fundi hakuniahidi kwamba nywele hazitarudi, na alisema kweli, kwani nywele zikishakuwa nene mara nyingi hubaki hivyo hata baada ya dawa kusimamishwa.

Kabla ya hapo nilikuwa nimekwenda kwenye kliniki moja ya leza, nikatoka na alama nyeusi za kuungua ambazo zilichukua miezi kufifia. Mwanga wa leza hufuata rangi ya nywele, lakini rangi ya ngozi nyeusi nayo huunyonya, na kwa hiyo ngozi kama yangu hufaa leza ya aina iitwayo Nd:YAG, yenye mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 1064, unaopenya zaidi bila kuichoma sana ngozi ya juu. Hakuna aliyenieleza hayo. Fundi wa Kibokoni aliniongezea kwamba nikitaka kujaribu leza tena, niache uzi kwa wiki kadhaa na nitumie wembe, kwa sababu leza hulenga shina ambalo uzi umekwisha kuling'oa. Na wembe, kinyume na tunavyoambiwa, hauzidishi unene wa nywele.

Kasoro ninayotamani irekebishwe ni pazia, ambalo ni jepesi mno kwa mteja mwenye aibu ya aina hii. Alhamisi na Ijumaa bibi harusi na jamaa zao hujaa, na kungoja huzidi saa moja. Mimi huenda Jumanne asubuhi, na huomba kiti cha pembeni, kilicho mbali na mlango.