Kiti cha baiskeli kwa mwanamke anayelalia aerobaa: tazama mbele, si nyuma

Kwa kawaida kiti cha mwanamke huchaguliwa kwa kupima nafasi kati ya mifupa miwili ya makalio. Kipimo hicho kinamfaa anayekaa wima. Ukishalaza viwiko kwenye aerobaa, yaani vyuma vya mbele ya usukani vya kuegemeza mikono ukiwa umeinama, nyonga inapinduka mbele, mifupa ile inainuka, na uzito unahamia kwenye mfupa wa kinena na nyama laini iliyo katikati, yaani mashavu ya uke na kisimi. Kinachoamua hapo ni upana na umbo la pua ya kiti, yaani ncha yake ya mbele.

Kwa anayekaa katika mkao huo saa nzima au zaidi, chaguo letu la kwanza ni viti vya kampuni ya ISM. Havina pua. Mbele kuna mikono miwili iliyoachana, kila mmoja ukibeba upande wake wa mfupa, na katikati pako wazi kabisa. Anza na mfululizo wa PN, ambao mbele ni mwembamba.

Wengi huvikataa viti hivi kwa sababu vimefungwa vibaya. Ukikifunga pale pale kilipokuwa kiti cha zamani, utajikuta umekaa katikati yake, mikono ile itanue mapaja na kuyachubua kwa ndani. Kisukume nyuma hadi ncha zije pale unapokalia ukiwa umeinama. Sehemu ya nyuma ibaki bila kukaliwa, ndivyo kilivyoundwa. Weka pima maji juu yake, anza kikiwa sawa, kisha shusha mbele digrii 1, ukihitaji ufike 3. Ukizidisha utateleza, na mabega yatachoka kwa kukuzuia. Kama mapaja bado yanasuguliwa, bana ile mikono miwili kwa kamba ya plastiki ya kukaza, jino moja moja: milimita chache tu huleta nafuu kubwa.

Power yenye Mimic, ya kampuni ya Specialized, ni kiti kifupi, na hupatikana kwa upana wa milimita 143, 155 na 168. Badala ya kuacha tundu, katikati pamejazwa sponji laini, ndiyo Mimic yenyewe. Hilo linawasaidia wanaovimba kwa kukandamizwa na kingo za tundu. Kinafaa kwa anayebadilisha mikao mara kwa mara, lakini kwa kulalia aerobaa muda mrefu ISM inakishinda.

Viti vinene vya jeli viache. Mifupa inazama, jeli inapanda katikati na kukandamiza palepale ulipotaka kupalinda.

Usijaribu kiti kwa dakika tano. Funga baiskeli kwenye stendi ya mazoezi, lala kwenye aerobaa dakika 30 hadi 40, ukivaa kaptura ya pedi utakayoitumia safarini, bila chupi ndani. Piga alama kwa tepu kwenye nguzo ya kiti na kwenye reli (fito mbili zilizo chini ya kiti), kisha badilisha jambo moja kwa kila jaribio. Ukisogeza kiti mbele milimita 10, kipandishe milimita 2 hadi 3, maana umekisogeza karibu na pedeli. Kabla ya kukaza, angalia reli: za chuma huwa duara la milimita 7, za kaboni mara nyingi ni yai la 7 kwa 9 na zinahitaji kibano chake, la sivyo zinapasuka.

Ganzi katikati: shusha mbele kidogo, au tafuta uwazi mpana zaidi. Kidonda upande mmoja tu: mara nyingi kiti kiko juu mno na nyonga inayumba kila ukikanyaga, basi kishushe milimita 3 kwanza kabla ya kukilaumu. Uvimbe, au ganzi inayobaki hata baada ya kushuka: acha kukitumia kiti hicho siku hiyo hiyo.